Waliotia Sahihi

Alhamisi moja ya Septemba, mwaka 2002, Léocadie alikuwa amekaa ghorofa ya juu ya basi namba 16, anatoka kazini kwenye nyumba ya wazee, kitabu cha Kifaransa kimefunguka mapajani, simu yake ikalia. Alikuwa Magloire, mwenyekiti wa jumuiya yao ya Wakatoliki waliosali kwa Kiswahili pale Kilburn, mtu asiyejua kusema polepole hata akiwa amekushika mkono.

"Mama Plamedie, nina habari njema! Unamkumbuka katekista wenu wa Uvira, Papa Alexis? Yuko hai! Yuko hapa London tangu mwezi wa nne. Jumapili anakuja kusali na sisi."

"Mungu asifiwe," Léocadie akasema, na sauti ikamtoka sawasawa, jambo lililomshangaza mwenyewe. Akashuka vituo viwili kabla ya chake. Alitembea Kilburn High Road yote akipita maduka anayoyajua bila kuliona hata moja, na alipofika mlangoni kwake ndipo akagundua kwamba kitabu alikuwa bado amekishika wazi, kidole katikati ya kurasa.

Miaka mitatu nyuma, huko Uvira, Léocadie alikuwa karani wa parokia. Waasi walipoushika mji walimtaka paroko, Padri Ulrich, anyamaze juu ya watu waliokuwa wakiuawa vijijini. Hakunyamaza. Basi kamanda wao akachapisha tamko kwamba padri anaficha silaha za wanamgambo chini ya altare, na wafanyakazi wa parokia wakaitwa mmoja mmoja kulitia sahihi. Aliyekubali alipewa jetoni yenye muhuri, karatasi ya kumvusha kwenye vizuizi vyote vya barabarani. Léocadie aliitwa wa kwanza, kwa kuwa sahihi ya karani ndiyo ingelipa tamko lile uzito. Plamedie, binti yake, wakati huo ana miaka kumi, alikalishwa chumba cha pili pamoja na askari aliyekuwa akimenya muhogo kwa kisu kirefu. Kamanda hakusema neno lolote juu ya mtoto. Aliuacha tu mlango wazi.

Léocadie alitia sahihi. Hapakuwa na silaha hata moja chini ya altare ile; yeye ndiye aliyekuwa akifagia pale kila Ijumaa. Baada yake walitia sahihi watu kumi na mmoja. Alexis aliitwa wa mwisho, akakataa. Wiki ile ile yeye na Padri Ulrich walifungiwa ndani ya kontena la chuma karibu na bandari, na padri akafia humo. Léocadie na binti yake walivuka mpaka kwa jetoni, wakahangaika miezi, wakafika London. Alipoomba ukimbizi alieleza yote, isipokuwa sahihi. Wakampa hifadhi.

Kitabu alichokuwa nacho kilikuwa cha maisha ya watakatifu. Padri Fanuel, Mkenya aliyekuwa akisoma chuo London na kuwasalia Misa, alikuwa anawaandaa vijana kwa Kipaimara, na alitaka kila Jumapili mtu mzima mmoja awasimulie habari za mtakatifu. Léocadie aliangukiwa na Sipriano, Askofu wa Karthago, kwa sababu sikukuu yake ilikuwa Jumatatu inayofuata. Alikubali upesi. Alidhani ni hadithi ya simba na uwanja wa Warumi. Jumatano ndipo aliposoma kurasa za katikati, zile za hati, akahisi mtu amemvua nguo ndani ya basi.

Jumamosi alimpigia Padri Fanuel simu kumwomba ampe mtu mwingine kazi ile.

"Mama, Jumapili ni kesho," Padri Fanuel akasema. "Nitampata nani? Ama wewe ni mgonjwa?"

Hakuwa mgonjwa.

Jumapili ukumbi mdogo wa nyuma ya kanisa ulijaa. Alexis alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amekonda, kichwa kimekuwa cheupe, na alikaa upande upande, sikio la kulia limeelekezwa kwa msemaji, kwa maana la kushoto lilikuwa limekufa. Léocadie alipoingia Alexis alisimama, akampa mkono, akasema, "Karani," kama alivyokuwa akimwita zamani. Basi. Akaketi.

Léocadie akaanza. Aliwaambia vijana kwamba Sipriano alikuwa Mwafrika, mtu wa Karthago, kule ambako leo ni Tunisia. Alikuwa mwalimu wa ufasaha, tajiri, anayesalimiwa njiani na wakubwa. Alibatizwa akiwa mtu mzima, na sehemu kubwa ya mali yake akaigawia maskini. Haikupita miaka mingi watu wakamtaka awe askofu wao, ingawa mapadri wazee walinung'unika kwamba huyu ni mgeni wa juzi.

"Hata mwaka mmoja haujatulia," Léocadie akasema, "Kaisari Desio akatoa amri. Kila mtu katika milki yake aende mbele ya miungu ya Roma, atupe ubani motoni, aonje nyama ya sadaka. Akimaliza, anapewa hati. Hati inasema: fulani ametii, tumemwona."

Kijana mmoja akauliza asiye na hati alifanywa nini.

"Kifungo. Mateso. Wengine kifo." Akageuza ukurasa. "Wakristo wengi walikwenda. Wengine hawakungoja hata kuitwa. Wengine walipeleka na watoto wao. Wapo ambao hawakutupa ubani, walimhonga tu mwandishi awape hati. Na wapo waliokataa, wakatiwa gerezani."

"Na askofu?" Magloire akauliza kwa sauti.

"Askofu alijificha."

Minong'ono ikapita ukumbini. Léocadie aliendelea, macho kwenye kitabu ingawa hakuwa akisoma. Sipriano alikimbia mji, akawa anaongoza kwa barua kutoka mafichoni. Huko Roma askofu wao alikuwa ameuawa, na mapadri wa huko wakaandika maneno ya kuchoma juu ya mchungaji anayewaacha kondoo. Sipriano akajibu kwamba angekaa mjini wangemfuata yeye na kuwaumiza wengi pamoja naye. Wapo waliomwamini. Wapo ambao hawakumwamini mpaka siku aliyokufa.

Mateso yalipopoa, wale wenye hati wakaanza kurudi kanisani wakilia. Na wale waliokuwa gerezani, watu walioteswa, wakawaandikia barua za msamaha, nyingi mno: mpokeeni huyu na nyumba yake yote.

"Hapo Sipriano akasema hapana," Léocadie akasema. "Akasema barua ya aliyeteswa ina heshima yake, lakini haitoshi. Jeraha halifunikwi kabla halijasafishwa."

"Afadhali!" Magloire akapiga goti lake. "Hao ni akina Yuda. Mimi ningewafungia mlango moja kwa moja. Mtu auze wenzake kwa karatasi, halafu Jumapili anakuja kupanga foleni ya Komunyo?"

Watu kadhaa wakaitikia. Padri Fanuel akainua mkono kuwatuliza. Katika ule utulivu Alexis akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Mama, na Sipriano aliwafungia?"

Léocadie alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aanze. "Hapana, Papa. Wapo waliotaka iwe hivyo, akawakatalia nao. Yeye na maaskofu wenzake walikaa wakapima kila mtu kwa mzigo wake. Aliyeteswa hadi akashindwa si sawa na aliyekimbilia mwenyewe. Wakawapa kitubio kirefu. Mwaka uliofuata ikaonekana mateso mengine yanakuja, wakawapokea mapema, ili wasikutwe peke yao."

"Aksanti," Alexis akasema.

Yaliyobaki aliyasimulia haraka: tauni iliyoangukia Karthago, na Sipriano akiwahimiza Wakristo wawauguze hata waliokuwa wakiwatesa, Kaisari mwingine, Valeriano, uhamisho, na jinsi alivyorudishwa mjini kuhukumiwa. Safari hii marafiki walimtafutia maficho, akakataa. Alitaka kufa mbele ya watu wake, katika mji wake. Hukumu iliposomwa alisema, "Mungu ashukuriwe." Akavua joho, akapiga magoti, akajifunga macho kwa mikono yake.

Vijana wakapiga makofi. Léocadie akaenda moja kwa moja jikoni, akafungua maji kwa nguvu, akaanza kuosha vikombe ambavyo havijatumika.

Alexis alimfuata. Aliufunga mlango, akasimama kushoto kwake ili sikio zuri liwe upande wake.

"Nililiona jina lako," akasema. Hakupandisha sauti wala hakuishusha. "Kamanda aliniwekea ile karatasi mbele. Lako lilikuwa la kwanza. Akaniambia, hata karani amesema, wewe unakataa nini?"

Léocadie alifunga maji. Akaushika ukingo wa sinki. "Ulikaa pale mbele ukijua."

"Ningesema nini? Watoto walikuwa wanasikiliza."

"Unisamehe, Papa Alexis."

"Kwa upande wangu ilikwisha. Mle kontenani tulikuwa kumi na tisa, hakukuwa na mahali pa kuweka hasira."

Léocadie alingoja moyo wake uwe mwepesi. Haukuwa. "Usinipe msamaha haraka hivyo," akasema. "Na Padri Ulrich?"

"Ya Padri siwezi kukupa. Si yangu." Kisha Alexis akasema jambo alilolijia. "Kuna neno nataka ulisikie kwangu mimi, usije ukalisikia kwa wengine ukadhani nilikuficha. Ombi langu lilikataliwa. Wanasema hakuna uthibitisho kwamba lile tamko lilikuwepo, wala kwamba nilifungwa kwa kulikataa. Rufaa ni tarehe tatu Oktoba. Wakili anataka shahidi. Mimi nimemwambia sina."

"Lakini mimi..."

"Najua wewe uliliona. Najua pia hukuitaja sahihi ulipopata karatasi zako za hapa, maana mimi si mjinga nisifikirie. Ukisimama pale, utakuwa umejishtaki. Una mtoto. Sikuombi, Karani. Sikuja kukuomba."

Akachukua kikombe kimoja kilichokuwa kinadondosha maji, akakifuta, akatoka nacho.

Siku nne zilizofuata Léocadie alifanya kazi kama saa ya ukutani. Aliwaogesha wazee, akawalisha, akawabadilisha mashuka. Alijiambia kwamba hakimu huenda akamwamini Alexis hivyo hivyo. Sikio lake lililokufa ni ushahidi. Alijiambia kwamba Plamedie ameanza mwaka wa tisa wa shule, ana walimu wanaompenda. Alijiambia kwamba hata Sipriano alijificha. Hilo la mwisho ndilo lililomshinda, kwa sababu alikijua kitabu: Sipriano alijificha mara moja.

Ijumaa alipika fufu na sombe ya majani ya muhogo, chakula alichokipenda binti yake, na walipokaa mezani akamwambia yote. Alisema akitazama sahani. Alipofika kwenye chumba cha pili, Plamedie akamkatiza kwa Kiingereza. Sikuzote alimjibu mama yake kwa Kiingereza.

"Mama, nilikuwepo. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Nilimsikia kamanda akikusomea. Nikaisikia kalamu. Nilidhani unajua kwamba najua."

Léocadie aliweka mkono mdomoni. Miaka mitatu walikuwa wamelala chumba kimoja, kila mmoja akimlinda mwenzake na habari ile ile.

"Watatufukuza?" Plamedie akauliza.

"Sijui. Huenda."

Msichana akawa anakata vipande vya fufu bila kula. Machozi yakaanza kumtoka, akayapangusa kwa hasira. "Sitaki kurudi kule," akasema. Kisha akasema, "Lakini Papa Alexis atarudishwa kwa wale wale." Akasukuma sahani, akaingia chumbani. Alichokitaka hakukisema, na mama yake hakumlazimisha.

Wakili wa Alexis aliitwa Pramila. Ofisi yake ilikuwa Ilford, juu ya duka la sari, na alikuwa Mhindi wa Kisumu, kwa hiyo Léocadie alipoanza na Kiingereza chake cha kuungaunga, Pramila akamkata.

"Sema Kiswahili, mama. Changu kimezeeka lakini kiko."

Alisikiliza bila kuandika. Kisha akavua miwani. "Sikia vizuri. Mimi ni wakili wa Alexis, si wako. Ukinipa haya, nitayatumia, kwa sababu yatamwokoa. Lakini wale wa wizara ya mambo ya ndani wataandika kila neno. Wanaweza kusema ulidanganya ili upate hifadhi. Wanaweza kukunyang'anya. Nenda kwanza utafute wakili wako, akushauri."

"Atanishauri nini?"

"Atakushauri unyamaze."

"Basi andika," Léocadie akasema.

Tarehe tatu Oktoba chumba cha rufaa kilikuwa kidogo kuliko alivyofikiria, chenye zulia na meza kama za shule. Hakimu alikuwa mzee mwenye mafua. Alexis hakuwa amejua mpaka asubuhi ile kwamba shahidi amepatikana. Alipomwona Léocadie mlangoni aliinuka nusu, akatikisa kichwa kumkataza, Pramila akamshika mkono akamkalisha.

Léocadie aliapa juu ya Biblia. Aliulizwa na Pramila, akajibu: tamko lilisema hivi, lilichapwa hivi, muhuri ulikuwa hapa, waliotia sahihi ni hawa. Aliyataja majina kumi na mawili, akianza na lake. Kisha akasimama mwakilishi wa wizara, kijana aliyevaa suti nadhifu, faili la Léocadie mkononi. Walikuwa wameshalitoa.

"Maelezo yako ya mwaka 1999 hayana habari ya sahihi."

"Hayana."

"Kwa hiyo uliidanganya serikali hii."

Mkalimani akatafsiri polepole. "Nilificha," Léocadie akasema. "Ndiyo."

"Na kabla ya hapo ulisema uongo juu ya padri wako."

"Ndiyo."

"Mara mbili, basi, umetia sahihi yasiyo kweli. Kwa nini mheshimiwa hakimu akuamini leo?"

Pramila aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake. Léocadie alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, lakini si kwa lile. Alimtazama Alexis. Alexis alikuwa amegeuza sikio lake zuri, anangoja kama wengine.

"Mara ya kwanza uongo ulinipa jetoni," akasema mwishowe. "Mara ya pili kunyamaza kulinipa hifadhi. Leo hapa sipati kitu. Nikitoka mlango ule huenda nimepoteza nyumba ya mtoto wangu. Kama ningetaka kudanganya, bwana, ningebaki kazini."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, akapiga chafya, akaomba radhi, akasema uamuzi utakuja kwa posta.

Ulikuja baada ya wiki tano. Alexis amekubaliwa. Hakimu aliandika kwamba shahidi alikuwa na kila sababu ya kutokuja, na kwamba kwa hiyo amemwamini.

Jumapili iliyofuata Léocadie aliomba nafasi baada ya Misa, akaiambia jumuiya nzima alichokifanya Uvira. Hakulia, na hakumtaja kamanda ili kujipunguzia lawama. Magloire alitoka kabla hajamaliza, na mkewe nyuma yake. Miezi mingi walikuwa wakimwona njiani wanavuka barabara. Wengine walimkumbatia siku ile, halafu simu zao zikapungua polepole. Padri Fanuel alimpa kitubio cha mwaka mmoja: asisome mbele, asifundishe, akae viti vya nyuma. Wengine walisema ni kikali, wengine walisema ni kidogo mno. Léocadie alikaa nyuma, na Alexis, bila kuulizwa na mtu, akahama mstari wa mbele akawa anakaa karibu naye, ingawa kutoka kule hakusikia hata nusu ya mahubiri.

Wizara ilimwita Januari kwa mahojiano. Kisha kimya. Miezi kumi na minne kila bahasha ya serikali iliyoanguka mlangoni aliiogopa kuifungua, na Plamedie akajifunza kuziokota yeye kwanza. Machi 2004 ikaja ile yenyewe: wamelitazama jambo lake, wamezingatia kwamba alitishiwa mtoto wake, wameamua kutoiondoa hifadhi. Plamedie aliisoma kwa sauti mara tatu, akatafsiri kila sentensi kwa Kiswahili, kibovu, chote, mpaka mwisho.

Lakini lililobaki lilikuwa kubwa kuliko yote hayo. Mama yake Padri Ulrich alikuwa hai, mzee sana, huko huko Uvira. Alexis aliipata namba ya mjukuu wake. Mei, siku ya Jumamosi mchana, Léocadie aliingia kwenye kibanda cha duka la simu pale Kilburn, akafunga mlango wa kioo, akapiga.

Alijitambulisha. Alisema yeye ndiye karani, ndiye sahihi ya kwanza. Alisema yote bila kupumzika, akiogopa laini isikatike kabla hajafika mwisho. Alipomaliza alisikia kuku upande wa pili, na mtu akipumua.

"Nimekusikia," mama mzee akasema. "Sijui kama ninaweza, binti yangu. Usinidai leo."

"Sikudai, Mama."

"Wewe ulikuwa naye kila siku kazini, miaka sita. Mimi niliishi naye mpaka seminari tu. Nieleze. Alikuwa anakula vizuri?"

Léocadie aliegemea kioo. Akamweleza kwamba Padri hakupenda samaki na alikuwa akimpa paka chini ya meza, akidhani mpishi haoni. Mama mzee akatoa sauti fupi, huenda kicheko, huenda sivyo.

"Unipigie tena Jumamosi," akasema.

Akampigia. Jumamosi ile, na nyingine, miaka miwili na nusu, mpaka mjukuu alipopokea simu yeye na kusema bibi amezikwa juzi. Neno lenyewe, la kusamehe, mama mzee hakuwahi kulisema, na Léocadie hakuwahi kuliuliza.